Uzoefu wangu na What If? za vita vya angani: anza na Silver Surfer

Ukitaka kuzisoma hadithi za What If? za Marvel zinazohusu vita vya angani, usikimbilie ile ya Annihilation kwa sababu tu ndiyo inayotajwa sana. Anza na ile ya Silver Surfer, shujaa wa rangi ya fedha anayeruka angani juu ya ubao. Nasema hivi baada ya kuzipitia jioni kwa jioni kwenye tableti hapa Tanga, mpwa wangu wa kidato cha pili akichungulia begani, mimi nikimfasiria pale Kiingereza kinapomshinda.

Kwa asiyezijua, What If?, yaani "Ingekuwaje?", ni mfululizo wa katuni ulioanza 1977. Kila toleo linachukua kisa kilichokwisha kuchapishwa, linageuza jambo moja, kisha linafuata yatakayozaliwa hapo. Toleo la kwanza liliuliza ingekuwaje kama Spider-Man angejiunga na kundi la mashujaa la Fantastic Four. Msimulizi ni Uatu, Mtazamaji mwenye kichwa kikubwa anayeishi mwezini, aliyekula kiapo cha kuona yote na kutoingilia chochote. Mfululizo wa kwanza ulikoma 1984, wa pili ukatoka kuanzia 1989 hadi 1998, na tangu hapo yamekuja matoleo ya mara moja moja.

Sasa huyo Silver Surfer. Ni toleo la 49 la mfululizo wa pili, la 1993, na halina ladha kama hujasoma The Infinity Gauntlet ya 1991, iliyoandikwa na Jim Starlin na kuchorwa na George Pérez na Ron Lim. Mle Thanos, yule mwovu, amevaa glavu yenye vito sita vinavyompa uwezo wote, analiza vidole, na nusu ya viumbe wote ulimwenguni wanatoweka. Katika sehemu ya nne mashujaa wanamvamia hata kwa gharama ya maisha yao. Wanakufa kweli, mmoja baada ya mwingine, ili tu macho ya Thanos yasielekee kwingine, maana Surfer anakuja kutoka mbali kwa mwendo wa kutisha aipore glavu mkononi mwake. Anapita. Mkono wake unaikosa. Kwangu ule ukurasa ndio unaouma kuliko yote katika hadithi nzima, kwa sababu vifo vyote vile vilikuwa vinanunua sekunde hiyo moja.

What If? inauliza: je, angeishika? Na hapo ndipo mwandishi alipofanya kazi. Glavu imekwenda kwa mtu mwema, mpole, aliyewahi kuitoa nafsi yake kwa ajili ya sayari yake. Ungedhani vita vimekwisha, twende nyumbani. Lakini mtu mwema mwenye uwezo wote anaanza kurekebisha ulimwengu, na kila anachokirekebisha kinamwonyesha kingine kilichoharibika. Nani atamwambia basi, inatosha? Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, sasa huyu si amekuwa kama yule mwingine?" Sikumjibu, nikafunua ukurasa. Nawe sikumalizii.

Sisi wa Tanga swali la "ingekuwaje" hatuhitaji kufundishwa. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa jeshi la askari wapatao 8,000 kutoka India, mbele yao Wajerumani na askari wao wakiwa kama 1,000 tu. Wakashindwa, wakarudi melini. Ndani ya mapigano nyuki nao walitoka wakawashambulia watu, ndiyo maana hadi leo vinaitwa vita vya nyuki. Wazee wetu wamelizungumza hilo vibarazani miaka nenda rudi: Tanga ingetekwa wiki ile, je, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, angeweza kuendelea kupigana hadi Novemba 1918? Na wapagazi wote wale waliokufa njiani kwa njaa na maradhi, wangapi wangerudi makwao? Hadithi ya "ingekuwaje" ina uzito pale tu unapojua gharama ya kile kilichotokea kweli. Ndiyo maana nasisitiza: soma ya asili kwanza.

Hili ndilo linaloisaidia na kuiponza What If? Annihilation. Annihilation yenyewe, ya 2006, chini ya uandishi wa Keith Giffen, ni vita vikubwa hasa. Annihilus, mtawala mwovu, anatoka Negative Zone, ulimwengu mwingine kabisa, na jeshi la wadudu lisilohesabika, anaifuta sayari ya Xandar pamoja na kikosi cha Nova, walinzi wa anga, anabaki kijana mmoja, Richard Rider, aliyebebeshwa nguvu zote za kikosi peke yake. Hata Galactus, jitu linalokula sayari, anatekwa na kugeuzwa silaha. Wakati huohuo duniani mashujaa wanapigana wenyewe kwa wenyewe katika Civil War, Captain America upande huu, Iron Man upande ule, wala hawana habari kwamba juu yao ulimwengu unaungua. What If? inalileta lile jeshi duniani katikati ya ugomvi huo.

Wazo ni zuri mno, na nilipofika pale ugomvi wao unapoonekana mdogo mbele ya kinachokuja nilisisimka. Ila ni toleo moja tu. Vita vilivyojaza vitabu kadhaa vinabanwa humo, na mashujaa wengi wanaanguka kabla hujapata nafasi ya kuwalilia. Silver Surfer nalo ni toleo moja, lakini linamfuata mtu mmoja, kwa hiyo linapumua. Jambo jingine linalonikera katika aina hii yote: dunia ikivamiwa, tunaonyeshwa New York. Ningependa siku moja nione anga likitiwa giza juu ya pwani kama yetu, wavuvi wa Sahare wakiwa majini.

Kuna pia toleo la 20 la mfululizo wa kwanza, la 1980, kuhusu vita vya Kree na Skrull, mataifa mawili ya angani, bila kijana Rick Jones. Katika hadithi ya asili, ya 1971 hadi 1972, ni kijana huyu wa kawaida anayeyasimamisha majeshi ya pande zote mbili. Ni la kizamani, maneno mengi, rangi za kizamani. Mimi nililipenda, mpwa alisinzia.

Upande wa kusomea: nililipia huduma ya mwezi ya kusoma katuni mtandaoni kwa kadi ya mtandaoni ya simu, na malipo yalipita. Programu yenyewe inakata vibaya michoro iliyotandazwa kurasa mbili, na kwenye simu ndogo huoni kitu, kwa hiyo tafuta tableti. Zima ile namna ya kuonyesha kisanduku kimoja kimoja ukifika kwenye mapigano, la sivyo hutajua nani anampiga nani. Pakua matoleo usiku bando likiwa la bei nafuu, usome mchana bila mtandao. Mpangilio wangu: The Infinity Gauntlet, sehemu zote sita, kisha toleo la 49, halafu Annihilation, kisha What If? yake. La Kree na Skrull liache hadi uwe umeshanogewa.