Tathmini ya Njia ya Mbao Juu ya Kinamasi, Bukavu

Wanafunzi wengi wa Bukavu hufundishwa habari za vinamasi vya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1980, bila kuviona. Kwa hiyo kamati ya wazazi ilipoamua kujenga njia ya mbao juu ya kinamasi cha mafunjo kilicho nyuma ya shule yetu, tulitafuta mafundi watakaokubali kufanya kazi bila saruji wala kifusi. Karakana moja ya Kadutu ilikubali, na kwa sehemu kubwa imestahili malipo yake.

Sifa yao kubwa ni utaratibu. Mbao zilikatwa na kutobolewa karakanani ili unga wa msumeno usimwagike majini, na ujenzi ukafanyika wakati wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka. Nguzo zilishindiliwa kwa mikono. Kila kipande kilipokamilika, mafundi walisimama juu yake wakijenga kinachofuata, hivyo mafunjo ya kando hayakukanyagwa. Kati ya ubao na ubao wameacha upenyo wa upana wa kidole, ili mwanga na mvua viifikie mimea iliyo chini. Tena wametumia skrubu badala ya misumari, na ubao mmoja ukioza utafunguliwa peke yake.

Kasoro zipo. Baadhi ya nguzo za mkaratusi zina ile sehemu nyeupe ya nje, ambayo huoza upesi pale maji yanapopanda na kushuka. Dawa waliyopendekeza ni oili chafu ya gari, nasi tukaikataa, kwa kuwa ingeishia majini. Mbao nazo huteleza baada ya mvua. Wavu wa kuku walioupigilia tulipolalamika unasaidia, ila tuliulipia zaidi.

Jukwaa la mwisho linatosha nusu ya darasa tu (kwa maoni yangu, heri hivyo). Hapo mwalimu hulinganisha chupa mbili, moja ya maji mekundu yanayoshuka mlimani na nyingine ya yale yanayotoka kuelekea Ziwa Kivu, na watoto wanaona wenyewe udongo uliozuiwa na mafunjo.

Atakayewaita mafundi hawa aandike katika mkataba kwamba nguzo ziwe za kiini cha mti pekee, wavu uwemo katika bei, na ukaguzi ufanyike kila mwaka kabla ya mvua za Septemba.