Kapu la kupikia la Kongowea: maharagwe yaiva, nyumba haichemki

Nakaa ghorofa ya juu kabisa, Majengo, Mombasa, na kazi yangu ni kushona. Kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, dari ya saruji hunywa jua mchana kutwa, na ikifika magharibi ndiyo kwanza yaanza kulitema. Cherehani iko karibu na mlango wa jiko. Ukiinjika maharagwe kwenye gesi asubuhi, feni yazungusha joto tu, na jasho ladondokea dera la mteja.

Ndipo nikanunua kapu la kupikia katika soko la Kongowea, shilingi 1,800 baada ya kupatana (mama muuzaji alianzia 2,500). Ni kapu la ukili, ndani lina mto mnene wa vipande vya sponji, na mto mwingine wa kufunikia. Halitumii moto wala umeme. Wachemsha chakula kwenye gesi, waitumbukiza sufuria ikiwa yatokota, waifunika, waondoka zako. Joto lakaa na chakula badala ya kuzurura nyumbani.

Maharagwe ndiyo kazi yake. Nayaroweka usiku, asubuhi namwaga maji yale, natia mapya, kisha nayaacha yatokote kwa nguvu dakika 15. Hapo usiwe na pupa: maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayovuruga tumbo, na yataka angalau dakika 10 za kutokota kwelikweli. Joto la kapu peke yake haliiondoi. Kisha nayatia kapuni mpaka adhuhuri. Nikifunua, mvuke wanipiga usoni na haragwe lapondeka kwa vidole viwili. Nayarudisha motoni na kitunguu, nyanya na tui zito, yakichemka basi. Tui nalitia mwisho makusudi, kwani kwa joto hili tui la vuguvugu huchacha mara moja.

Sufuria nayo ijae vizuri. Ikiwa nusu tu, yapoa upesi, na chakula kilichoshinda vuguvugu si cha kumpa mtoto.

Wali waiva, ila ukoko usahau, na kwetu kuna watu wanaogombania ukoko. Mahamri, chapati na samaki wa kukaanga bado vyataka moto wake, kwa hivyo hivyo navifanya alfajiri. Shangazi yangu wa Mji wa Kale alilitazama kapu akacheka. Ana haki ya kucheka: nyumba yake ina kuta nene za mawe ya matumbawe na kichochoro chake hakipati jua ila saa sita. Aje alale kwangu mwezi wa tatu.

Sasa niseme kama fundi. Mshono wa mto wa juu ni mstari mmoja, uzi mwembamba, na pembeni umeshaanza kufumuka. Lililoniudhi zaidi ni kitambaa cha ndani: kimeshonewa humo humo na sponji, hakivuliki. Mvuke walowesha, na unyevu wa Mombasa twaujua, ukilifunga kapu bichi lanuka ukungu. Nilimrudia muuzaji.

"Mama, hii ningeifuaje?"

"Hilo halifuliwi, mwanangu. Lianike juani tu."

Kuanika naanika, lakini kwa bei ile foronya ya kuvua ilikuwa haki yangu. Nimejishonea mbili za marekani, na zipu, kutokana na mabaki ya kitambaa. Asiye na cherehani amwambie muuzaji amshonee kabla ya kutoa pesa.

Kwa anayepika nafaka karibu kila siku ndani ya nyumba ya saruji, nalipendekeza bila wasiwasi. Kwa anayeishi kwa chapati na vya kukaanga, pesa hizo aongezee feni. Na ukienda sokoni chukua sufuria yako uitumbukize hapo hapo. Langu lapokea ya lita tano hivi, na yenye mkono mrefu haiingii.