Keria za skii za mtumba Kampala: ipi uchukue, ipi uache

Karibuni tena watazamaji wangu wa Kampala, Jinja na Mbale, na ninyi wa ng'ambo ya Busia na Mutukula mnaotufuatilia. Mezani hapa nina keria tatu za gari, zote mtumba, na zote zilitengenezwa kwa kazi moja: kubeba skii, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea juu ya theluji, na snoubodi, ubao mmoja mpana wa kusimamia kwa miguu yote miwili. Najua swali lishakuja. Theluji Uganda iko wapi? Iko Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, ila huko gari halifiki, ni miguu tu. Keria hizi zinaletwa na biashara ya magari. Zinashuka zikiwa zimefungwa juu ya paa la gari lililotoka Japani, au zimechanganywa na spea kwenye kontena, na ukizunguka soko la spea la Kisekka hukosi kuziona zimeegemezwa ukutani. Na anayedhani snoubodi haimhusu Mganda, amtafute Brolin Mawejje: kazaliwa hapa kwetu, mchezo kaujulia Marekani.

Sasa sisi tunazitakia nini? Ukiwa mvuvi wa fimbo, unafuata sangara kule Murchison, au unapiga kayaki Jinja, una vitu virefu na vyembamba visivyoingia ndani ya gari bila kumchoma mtu shingoni. Fimbo ya kipande kimoja inapita mita mbili. Kasia la kayaki linakaribia hapo hapo. Skii nazo ndivyo zilivyo: ndefu, nyembamba, hazitaki kukwaruzwa. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya skii kinashika fimbo na makasia vizuri kuliko kamba yoyote, na hilo ndilo linalonifanya nizipende keria hizi na kutaka mzijue kabla hazijaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Sogeeni karibu na kamera. Kila keria ni vipande viwili, cha mbele na cha nyuma. Kila kipande kina taya mbili. Ya chini imetulia, ya juu inafunguka kwa bawaba upande huu, na upande ule kuna kitufe kikubwa. Kitufe ni kikubwa makusudi, mtu akibonyeze akiwa na glavu nene za baridi. Ndani ya taya kuna raba nyeusi yenye uwazi katikati. Natia kasia hapa, nafunga taya, tiki. Ona raba ilivyobonyea pande zote. Navuta. Haliendi mbele, haliendi nyuma, na rangi ya kasia haijaguswa na chuma.

Kuhusu ukubwa, fupi kama hii hubeba jozi nne za skii au snoubodi mbili, ndefu hubeba jozi sita au snoubodi nne. Snoubodi moja ina upana wa sentimita 25 hadi 30 hivi, ndiyo maana zinajaa upesi. Kwa fimbo na makasia fupi inakutosha, lakini kama mnasafiri kikundi chukua ndefu, kwa sababu fimbo zinahitaji nafasi kati ya moja na nyingine, la sivyo zitasagana njia nzima.

Lakini ndugu zangu, kabla hujapatana bei ya taya, toka nje ukatazame paa la gari lako. Hapa ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Taya hazikai juu ya bati la paa. Zinakaa juu ya vyuma viwili vya kukingama, na vyuma hivyo vina miguu, na miguu ndiyo inayoamua kila kitu.

Kama una RAV4 ya zamani au gari lolote lenye reli zilizoinuka, mkono unapita chini yake, una bahati. Miguu ya kubana reli inapatikana na inaingiliana kwa magari mengi. Kama reli zimelala zimegusana na paa, unahitaji miguu ya aina nyingine kabisa. Hiace na Land Cruiser zile za kazi zina mfereji wa maji pembeni mwa paa, na hapo hata fundi wa Katwe anakutengenezea vyuma vizuri. Mwambie tu atumie chuma cha mraba. Bomba la duara halifai, kwa sababu keria itazunguka juu yake ukishafika kwenye matuta, hata ukaze vipi.

Kazi iko kwa Premio, Noah na mengine yenye paa laini, yaani lisilo na reli wala mfereji. Hayo yanataka miguu yenye kulabu zinazoingia ukingoni mwa mlango, na kulabu hizo hutengenezwa kwa umbo la gari maalumu. Chapa za Kijapani kama INNO na Terzo huziuza kulingana na modeli ya gari. Kulabu ya gari jingine inaweza kuonekana imekaa, ukaikaza, ukafurahi, kumbe imeshika ncha tu. Usikubali muuzaji akiikunja kwa nyundo mbele yako. Na usikubali paa litobolewe. Mvua zetu hizi zitakuingilia hadi kwenye nyaya za taa.

Turudi mezani. Hii ya kwanza ni ya Kijapani, fupi, imekuja kamili na vyuma na miguu yake. Kama miguu inalingana na gari lako, usiiache, kwa sababu kuikusanya seti kamili kipande kimoja kimoja ni msalaba. Kama hailingani, usijidanganye kwamba utapata kulabu zake baadaye.

Hii ya pili ni ndefu, ya Ulaya, aluminiamu tupu. Haina miguu, ila chini yake ina boliti za kuzungusha chuma cha mraba, na pia nafasi ya boliti yenye kichwa bapa kinachoteleza ndani ya mfereji wa vyuma vya kisasa. Maana yake inakaa juu ya vyuma karibu vyovyote. Kwangu mimi hii ndiyo mali. Kuna kitu kingine nilichokipenda: vipande hivi vya kuinulia. Skii zina vifunga buti vilivyochomoza, kwa hiyo keria lazima iinuke ili visigonge paa. Kwetu sisi kilichochomoza ni rili ya fimbo, ile ya kukunjia uzi. Ukiinua keria, rili inaning'inia bila kugusa bati.

Ya tatu ni ya sumaku, hii peke yake hukaa moja kwa moja juu ya bati la paa. Iacheni. Theluji ni safi, vumbi letu sivyo. Chembe za vumbi jekundu zikiingia chini ya sumaku, kila mtikisiko ni msasa juu ya rangi ya gari lako. Na kwenye paa la kioo au la aluminiamu haishiki kabisa.

Ukaguzi wa mtumba nao una siri zake. Nchi za theluji nyingi humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia kila kitu. Kwa hiyo keria inaweza kung'aa juu na kuliwa chini. Igeuze. Chunguza boliti, nati, na pini ya bawaba. Unga mweupe kwenye aluminiamu unafutika, si neno, lakini boliti ya chuma iliyovimba kutu ibadilishe kabla hujapanda barabarani, na zisizoshika kutu zipo madukani. Kisha bonyeza raba kwa kucha. Ikirudi, nzima. Ikibaki na alama au ikionyesha nyufa ndogondogo, imekauka, na jua la ikweta litaimaliza.

Halafu ufunguo. Nyingi zinafika bila ufunguo, na muuzaji anakwambia zitajifunga zenyewe. Tazama uso wa kufuli. Thule, kampuni ya Sweden ya tangu 1942, huandika hapo namba, herufi N na tarakimu tatu, na ufunguo unaweza kuagizwa kwa namba hiyo. Kama hakuna namba wala ufunguo, na taya zimefungwa, usinunue. Kama zimefunguka, inunue ukijua kwamba kwenye foleni ya jioni hapa mjini fimbo yako haina ulinzi.

Wengi mliniuliza kama taya hizi zinabeba kayaki yenyewe. Hapana. Kayaki ya maji ya kasi ina kilo 20 hivi na tumbo nene, inataka vishikio vyake na mikanda yake. Baiskeli nayo hapana. Na jueni paa lina kikomo. Kwa magari mengi madogo ni kati ya kilo 50 na 100, kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ndani yake kuna uzito wa vyuma, keria na mzigo kwa pamoja.

Kupakia: weka kipande cha mbele na cha nyuma mbali kadiri paa linavyoruhusu, angalau sentimita 60. Ncha za skii zilizopinda huelekezwa nyuma ili upepo usizipigie kwa chini, na fimbo zako zifanye vivyo hivyo, ncha nyuma, mpini mbele. Taya zishike mpini na sehemu nene ya fimbo. Vile vipete vya kupitishia uzi visiingie kwenye raba hata kidogo, vitavunjika. Ncha inayobaki nje ikichomoza sana, funga kitambaa chekundu.

Ukitoka Kampala kwenda Jinja ni kilomita 80 hivi za lami, lakini matuta yanaipima keria kuliko mwendo. Simama kabla hujamaliza msitu wa Mabira, shuka, shika chuma kwa mikono miwili utikise. Boliti mpya hulegea safari ya kwanza, kaza tena. Ukiiacha lami kuelekea maporomoko ya Itanda, kaza kabla na kaza ukifika. Na vumbi lile likishaingia kwenye raba linakwaruza, kwa hiyo osha taya kwa maji na sabuni, zianike kivulini, bila dizeli wala grisi, maana mafuta huila raba.

Usipoitumia, iteremshe. Inapiga mluzi, inakula petroli bure, na maegesho ya chini ya majengo mjini yana vizuizi vya urefu ambavyo havijui kwamba umeongeza sentimita juu ya paa.

Niandikieni hapo chini gari lenu ni gani na paa lake liko vipi, lina reli, lina mfereji au ni laini, na mwaka wa gari. Wenye paa laini hasa, piga picha ya ukingo wa mlango ukiwa wazi, nitawajibu mmoja mmoja ni miguu gani ya kutafuta.