Hedifoni za Bluetooth: Washa Maiki Kabla Hujalipa

Wiki iliyopita niliingia kwenye kikao cha mtandaoni na hedifoni mpya zilizonikausha mfuko. Muziki ulikuwa mtamu mpaka nilipofungua maiki. Ghafla kila mtu akawa anaongea kutoka ndani ya kopo, na mwenzangu akaniuliza, "Mbona kama umetumbukia kisimani?"

Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe ndivyo Bluetooth ilivyo. Ericsson walipoanza kuibuni Sweden mwaka 1994, shida yao ilikuwa nyaya, si muziki. Mpaka leo, kwenye Bluetooth ya kawaida, njia ya muziki inakwenda upande mmoja tu, kuja sikioni. Ukifungua maiki, hedifoni zinahamia njia ya simu, ya kwenda na kurudi, na sauti inabanwa: sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa zenye nafuu, wakati muziki wa CD una 44,100.

Hilo muuzaji halitaji. Atakugongea kidole kwenye "5.3" iliyoandikwa kwenye boksi, kana kwamba toleo la Bluetooth ndilo utamu wa sauti. Na zile "mita 10" za umbali wanazoahidi! Weka simu mfuko wa nyuma uone sauti inavyokatika. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo ya Bluetooth.

Kwa hedifoni za vikao, namba moja kwangu ni Jabra Evolve2 65, na upendeleo ninao, sifichi. Maiki yake iko kwenye mkono unaoshuka hadi karibu na mdomo. Ukiuinua, inazima yenyewe. Wewe utawasikia watu kwa sauti ya simu kama kawaida, ila wao watakusikia vizuri.

Ya pili ni Sony WH-1000XM5. Kwa muziki inaipita Jabra, na inashika vifaa viwili kwa pamoja, lakini maiki zimejificha kwenye vikombe, mbali na mdomo.

Tatu, yoyote yenye LE Audio, njia mpya ya sauti ya Bluetooth inayoweza kubeba sauti nzuri kwenda na kurudi. Dawa ya kweli ni hiyo, ila simu au kompyuta yako nayo lazima iwe nayo, la sivyo umenunua jina.

Za bei ya chini? Sikilizia muziki, basi.

Zangu nilizirudisha dukani. Muuzaji akazivaa, akatikisa kichwa kufuata mdundo, akaniuliza, "Si zinalia?" Nikamwomba apige simu nazo. Akasema boksi limeshafunguliwa.