Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa ninazitilia shaka

Kikokotoo hiki cha mtandaoni nimekitumia karibu mwaka mzima. Unaandika uwanja unaoondokea na ule unaotua, nacho kinakupa umbali na muda wa kuruka. Hakina madoido, na kwenye simu kinafunguka upesi.

Upande wa umbali sina ugomvi nacho. Kutoka Heathrow, London, hadi JFK, New York, kinatoa kama kilomita 5,550. Mwanzoni ramani yake ilinitia wasiwasi, maana mstari unapinda kwenda kaskazini hadi karibu na Newfoundland, nikadhani imeharibika. Nikachukua uzi nikaunyoosha juu ya tufe la dunia. Ukapita kulekule! Karatasi bapa ndiyo inayodanganya. Jambo moja tu: andika herufi tatu za uwanja, kama LHR (Heathrow) au JFK, usiandike jina la mji. London ina viwanja kadhaa, na ukiandika mji kinapima kutoka katikati ya mji.

Muda ndio ulioniponza. Kwa safari hiyo ya Heathrow hadi JFK kinasema saa 7 na dakika 26. Nilipofanya hesabu nikagundua kinagawanya kilomita kwa 800, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Siku ya safari ndege yetu ilichelewa kuondoka Heathrow, nami nikajifanya mjuzi: nikachukua saa mpya ya kuondoka, nikajumlisha muda wa kikokotoo, nikatoa saa tano za tofauti ya majira, nikamtumia ujumbe aliyekuwa anakuja kunipokea. Alinisubiri karibu saa nzima zaidi. Kwanza tulikaa kwenye foleni ya kuruka, halafu angani tulipambana na upepo wa usoni. Juu ya Atlantiki kuna mto wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anapambana nao, anayerudi London unamsukuma. Februari 2020, dhoruba Ciara ilipokuwa ikivuma, ndege ya abiria ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kikokotoo hakijui lolote la hayo. Kwenda na kurudi kwake ni namba ileile.

Pia hakijui anga iliyofungwa. Nilikijaribu kwa Helsinki na Tokyo: kilomita kama 7,800, saa 10 na robo, mstari umekatiza moja kwa moja juu ya Urusi. Tangu 2022 ndege za Finland haziruhusiwi kupita huko. Zinazunguka, na safari inafika kama saa 13.

(Hili si kosa lake, ila nalitaja: kikokotoo kinatoa urefu wa safari, tiketi inaandika 20:00, na sisi tunasema saa mbili usiku. Ukizichanganya hizo tatu kichwani, utafika uwanjani ndege imeshaondoka.)

Siku hizi nakifungua kupata kilomita, au kujua mapema kama safari ni ya kulala njiani. Saa ya kufika naitazama kwenye ratiba ya shirika, kwa kuwa wao huhesabu tangu ndege inapoachia geti hadi inapofika kwenye geti jingine.

Nakipa nyota tatu. Ya nne nitaiongeza siku watakapoweka visanduku viwili vya muda, cha kwenda na cha kurudi.