Uzoefu wangu: rangi ya kustahimili joto kwenye ekzosi ya kromu

Pikipiki yangu ni Honda CG125, na ekzosi yake ilitoka kiwandani ikiwa na kromu kuanzia kwenye silinda hadi ncha ya bomba. Hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hiyo haikawii kupenya kwenye vitundu vidogo vya kromu na kuanza kula chuma kilicho chini yake. Madoa ya kutu yalipozidi hata polishi ikawa haiyaondoi, niliamua kuipaka ekzosi nzima rangi nyeusi isiyong'aa, ile ya kopo la kupuliza inayouzwa kwenye maduka ya spea.

Ukiwa dukani, tazama kwanza kipimo cha joto. Kopo nililonunua limeandikwa 1200, lakini hizo ni nyuzi za Farenhaiti, yaani 650 hivi za Selsiasi. Kwa injini ndogo kama hii zinatosha. Rangi ya kawaida ya kupuliza, hata iwe nzuri kiasi gani kwenye tangi la mafuta, ikipakwa kwenye ekzosi huungua na kubabuka, na praima ya kawaida ikiwekwa chini ya rangi hii huungua vilevile na kuondoka nayo.

Kazi kubwa haimo ndani ya kopo, imo kwenye msasa. Kromu ni nyororo mno, rangi haina pa kushika, na anayelalamika kwamba rangi hizi zinabanduka ningependa kumuuliza kwanza aliisuguaje kromu yake. Mimi nilifungua ekzosi, nikaanza na msasa namba 120 na kumalizia na 240, mpaka mng'ao wote ukapotea na ukucha ukipitishwa juu yake unasikika ukikwaruza. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la kromu na nikeli si la kuvuta. Baada ya hapo nilifuta kwa kitambaa chenye thina, na tangu hapo sikuigusa kwa mikono mitupu, kwa sababu mafuta ya vidole huacha alama ambayo rangi haiishiki. Nilipuliza tabaka tatu nyembamba, nikiacha kama dakika 10 kati ya moja na nyingine.

Rangi hii ikikauka kwa hewa bado haijaiva. Utomvu wake wa silikoni hukomaa kwa joto tu, na kabla ya hapo hata tone la petroli linaiharibu. Maelezo ya kuikomaza yapo kwenye kopo, ila kwa maandishi madogo ya Kiingereza, jambo linalonisikitisha, kwa kuwa mafundi wengi wanaoitumia hawayafikii. Niliwasha injini kwa dakika chache, nikaizima hadi bomba likapoa kabisa, kisha nikarudia nikiongeza muda kila mara. Fanya hivyo nje, kwa sababu joto la kwanza hutoa moshi na harufu kali.

Masika yote yamepita, na sehemu nene ya nyuma, pamoja na ngao yake ya joto, bado ni nyeusi bila lengelenge hata moja. Kwa sehemu hizo fedha yangu imekwenda mahali pazuri. Kona inayotoka kwenye silinda ni habari nyingine: rangi imegeuka kijivu, na upande wa ndani, ambako joto ni kali na msasa hauingii vizuri, kimebanduka kipande cha ukubwa wa ukucha na kutu imeanza kuonekana. Anayenunua rangi hii ajue kwamba kona hiyo ataipaka tena na tena. Ajue pia kuwa weusi usiong'aa huonyesha kila tope na kila alama ya soli ya kiatu.

Kona nitaifungua kabla ya vuli na kuisugua mpaka kwenye chuma chenyewe. Rangi iliyobaki inatosha, na tundu la kopo halijaziba, kwa kuwa nilipomaliza nililigeuza kichwa chini na kupuliza hadi ikatoka hewa tupu.