Mbolea ya mimea ya tangi la samaki: igeuze chupa usome mgongoni kabla ya kulipa

Lalamiko linalonifikia kutoka kwa wasomaji ni lile lile. Tangi la lita 40, taa ipo, samaki sita wadogo hawana shida, chupa ya mbolea imenunuliwa na inatiwa kila Jumamosi bila kukosa. Lakini majani ya chini yanageuka manjano, yanalegea kama mlenda, yanadondoka. Mwenye tangi anaongeza dozi, majani yanazidi kudondoka, na sasa mwani umepanda kwenye kioo. Anarudi dukani, anauziwa chupa ya pili.

Mara nyingi mbolea aliyonunua haina ubovu. Haina naitrojeni, basi.

Mambo ya ukubwa wa chupa, urembo wa pampu yake na bei kwa mililita mtayasoma kwingine. Hapa kigezo ni kimoja: hiyo herufi N (naitrojeni) kwenye lebo ya nyuma ina asilimia ngapi? Chupa nyingi zimetungwa kwa ajili ya tangi lililojaa samaki. Samaki wengi maana yake amonia nyingi, bakteria wanaigeuza naitreti, ambayo ni naitrojeni ya kuliwa na mimea, na mabaki ya chakula yanaleta fosfeti, yaani fosforasi. Kwa tangi la namna hiyo, mbolea ikileta potasiamu, chuma na madini madogo madogo inatosha. Tangi lako lina samaki neon sita na kichaka cha Hygrophila, Limnophila na Ceratophyllum. Mimea hiyo inakua mbio na kumaliza naitreti ndani ya siku chache, kisha inaanza kujila: inabomoa jani kuukuu ili ilishe chipukizi. Ndiyo maana ugonjwa unaanzia chini.

Ugonjwa ukianzia juu, majani mapya yakatoka meupe na mishipa ikabaki kijani, hapo kilichopungua ni chuma. Vitundu vidogo kama vya sindano kwenye majani makubwa, kingo zikiwa za manjano, ni potasiamu. Vidoa vya kijani vigumu kwenye mmea wa Anubias na kwenye kioo, visivyotoka kwa sponji, mara nyingi vinaonyesha fosfeti imepungua. Huwezi kuyatibu yote haya kwa chupa moja uliyochagua kwa kufumba macho.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mbolea, nunua kipimo cha naitreti cha matone (vile vikaratasi vya kuchovya vinakisia tu). Pima siku moja kabla ya kubadilisha maji. Lengo ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Ukikuta sifuri, unahitaji chupa yenye N. Ukikuta 40, usinunue chupa yenye N hata ukipewa bure.

Sasa orodha yangu, na sifichi upande nilioegemea.

Namba moja ni Tropica Specialised Nutrition, ya Denmark. Lebo inaonyesha naitrojeni asilimia 1.34, fosforasi 0.10 na potasiamu 1.03, pamoja na chuma na madini mengine. Kwa hesabu, mililita 1 kwenye lita 40 huongeza kiasi kinacholingana na naitreti miligramu 1.5 hivi kwa lita. Mililita 4 kwa wiki, baada ya kubadilisha theluthi moja ya maji, zinatosha tangi lenye mimea mingi na taa ya wastani. Anza na 2, kaa wiki mbili, pima, ndipo uongeze. Chupa moja, sindano moja, kazi imekwisha. Angalizo: kampuni hiyo hiyo inatoa Premium Nutrition, ambayo haina naitrojeni wala fosforasi kabisa. Majina yanakaribiana, rafu ni moja, na muuzaji akiishiwa na moja anakupa nyingine huku akiapa kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile.

Namba mbili ni APT 3 ya 2Hr Aquarist wa Singapore, iliyokuwa ikiitwa APT Complete. Ina kila kitu, ila naitrojeni imewekwa kidogo kwa makusudi ili mimea myekundu ikolee rangi. Inafaa mtu anayetia kidogo kidogo kila siku. Nayo ina ndugu yake, APT 1, isiyo na N wala P (fosforasi), kwa hiyo soma namba, usiangalie chupa.

Ya tatu, na hapa wengi watanishangaa, ni ProFito ya Easy-Life. Haina N wala P, lakini haijifichi. Kama tangi lako lina samaki guppy waliozaana hadi umeacha kuwahesabu na naitreti iko 30, hii ndiyo chupa yako, mililita 10 kwa lita 100 kwa wiki. Kwa tangi lenye samaki sita iache dukani.

Nne ni Seachem Flourish, ambayo ndiyo imejaa madukani na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Lebo inasema naitrojeni asilimia 0.07. Dozi ni mililita 5 kwa lita 250, hivyo lita 40 zinapata mililita 0.8. Piga hesabu: unaongeza naitreti isiyofika hata miligramu 0.1 kwa lita. Kwa madini madogo ni mbolea nzuri, lakini naitrojeni wanaiuza kando kwenye Flourish Nitrogen, fosforasi kando, potasiamu kando, chuma kando. Mwenye tangi dogo anajikuta na chupa tano kwa maji yasiyojaa ndoo mbili. Na tafadhali, Flourish Excel si mbolea. Ni kemikali ya jamii ya glutaraldehaidi inayouzwa kama chanzo cha kaboni, na Vallisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe unaoota wenyewe Ziwa Tanganyika, huyeyuka ukitiliwa.

Njia ya bei poa ipo, niitaje haraka. Duka la pembejeo huuza potasiamu naitreti (13-0-46) na MKP, yaani monopotasiamu fosfeti (0-52-34). Yeyusha gramu 33 za kwanza na gramu 3 za pili katika nusu lita ya maji safi. Mililita 10 kwenye lita 40 huleta naitreti miligramu 10 na fosfeti miligramu 1 kwa lita. Madini madogo bado utayanunua. Usijaribu NPK ya shambani, CAN wala urea: zinaleta amonia, na kwenye maji ya joto yenye pH iliyopita 7.5 samaki hawataamka.

Kupima dozi, achana na kifuniko. Chukua sindano ya mililita 5 famasi. Kumbuka pia kwamba tangi la lita 40 lenye changarawe na gogo lina maji lita 32 au 34 tu. Mimea ya Cryptocoryne inakula zaidi kwa mizizi, hivyo ichomekee kidonge cha mbolea kwenye changarawe, sentimita chache kutoka shinani. Anubias na mmea wa Java fern zinakua taratibu mno. Tangi lenye hizo peke yake linaridhika na nusu ya dozi yoyote niliyotaja hapa.

Wenye maji ya kisima, hasa ukanda wa pwani, wana jambo moja la ziada. Maji yakiwa magumu na pH ikipita 7, chuma kilichofungwa kwa EDTA (kemikali inayokishika kisalie kwenye maji) kinaanza kuachia na kutuama kabla mmea haujakigusa. Tafuta lebo iliyoandika DTPA, kifungio kinachostahimili zaidi, au gawa dozi ya wiki mara tatu.

Halafu wauzaji. Chupa hizi sehemu kubwa ni maji, tunalipia usafiri wa maji kuvuka bahari, na hilo tumelizoea. Lisilovumilika ni mbolea kumiminwa kwenye vichupa vya mililita 50 visivyo na lebo, vikaandikwa kwa kalamu "mbolea ya mimea", kwa bei inayokaribia robo ya chupa kubwa. Hujui ni Specialised au Premium, hujui imechakachuliwa kwa maji kiasi gani, hujui imekaa dirishani juani tangu lini. Ukiomba kuona chupa iliyomiminwa, unaambiwa imeshatupwa. Basi omba lebo tu, hata picha yake kwenye simu, uone N ni ngapi. Wakishindwa hata na hilo, hizo chumvi za duka la pembejeo angalau zina namba tatu kubwa mbele ya mfuko.